Manahodha Wanne Katika Kitabu Kimoja

Swali la msomaji:

Jambo yaya. Mimi ni mwanafunzi hapa Lubumbashi, naishi Katuba. Mimi na dada yangu mdogo tulitazama Star Trek: The Next Generation yote, kwa sauti za Kifaransa, na tuliipenda sana. Mjomba wetu, anayepita Kasumbalesa kila mara kwenda Kitwe kwa biashara, aliniletea riwaya ya Kiingereza: Star Trek: Destiny, kitabu cha kwanza, Gods of Night, cha David Mack. Kiingereza nakisoma, shida yangu siyo lugha. Shida ni watu. Nimefika katikati, nimekutana na vyombo vinne vya angani na majina ambayo sikuyasikia kamwe kwenye mfululizo. Nikiacha siku mbili, nikirudi sijui nani ni nani. Je, ilinipasa kutazama na kusoma vingine vyote kwanza? Tena rafiki yangu mmoja anasema hadithi za vitabu hivi zilifutwa na wenyewe, kwa hiyo ninapoteza wakati. Na dada yangu, asiyesoma Kiingereza, kila jioni ananiuliza nimefika wapi, nami nashindwa pa kuanzia. Nifanye nini ili nikifurahie?

Jibu:

Mdogo wangu, jambo sana, na umsalimie dada yako.

Nianze na lile linalokukwaza zaidi. Hapana, hukupaswa kutazama wala kusoma vyote kwanza. Gods of Night ni kitabu kizuri, na hapo ulipokwama ndipo wasomaji wengi hukwama, hata wale wenye rafu nzima ya vitabu vya namna hii. Kinachokuchosha ni kazi ambayo mwandishi hakukupa: unajaribu kukariri watu. Riwaya yenye wahusika wengi, tena iliyozaliwa na mfululizo wa televisheni, husomwa kwa kumfuata nahodha mmoja mmoja na kujiuliza nani anamtegemea, na yeye mwenyewe anaogopa kumpoteza nani. Ukilishika hilo, majina yatajipanga.

Lakini kwanza ujue watu hawa walitoka wapi, maana nusu ya uchovu wako ni kudhani umesahau watu ambao kwa kweli hukuwahi kuwaona.

The Next Generation ilirushwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1994. Kwa hiyo Picard, Beverly Crusher, Worf, La Forge, Riker na Troi ni watu wako tayari. Ila wewe uliwaacha pale mfululizo ulipokwisha, na kitabu kinawakuta mbele zaidi. Katikati yake kuna filamu nne za sinema. Katika ya mwisho, Nemesis ya 2002, Riker na Troi wanaoana, Riker anapewa chombo chake mwenyewe kiitwacho Titan, na Data anakufa. Basi usimtafute Data kwenye kurasa hizi ukafikiri umeruka sura.

Ezri Dax, nahodha wa Aventine, anatoka kwenye Deep Space Nine, mfululizo wa 1993 hadi 1999, na hata huko alionekana katika msimu wa mwisho tu. Alikuwa mshauri wa nafsi, luteni kijana asiyejiamini sana. Ndani ya mwili wake anaishi kiumbe kiitwacho Dax, ambacho kimepita katika miili ya watu wanane kabla yake na kubeba kumbukumbu za wote. Tuvok, yule Mvulkani, yaani mtu wa sayari ya Vulcan, aliyeko Titan, anatoka Voyager, ya 1995 hadi 2001. Erika Hernandez, nahodha wa Columbia, anatoka Enterprise, mfululizo wa 2001 hadi 2005 unaosimulia miaka zaidi ya 200 kabla ya Picard, na humo alipita katika vipindi vichache tu.

Halafu kuna kundi la tano, na hili ndilo lililokuchanganya hasa: watu waliozaliwa ndani ya vitabu. Christine Vale, msaidizi mkuu wa Riker. Daktari Ree, yule mwenye umbo la mjusi mkubwa mwenye meno ya kutisha na mikono ya upole kwa wagonjwa. Miranda Kadohata na Jasminder Choudhury kwenye Enterprise. Hawa, kitabu kilipotoka mwaka 2008, hakuna skrini iliyokuwa imewaonyesha. Usipomtambua Vale, kumbukumbu yako haina kosa lolote.

Kwa nini vitabu vilijizalia watu wao? Hapa kuna historia ambayo ukiijua utakisoma kitabu chako kwa jicho jingine. Riwaya ya namna hii huandikwa kwa kibali cha mwenye mali, yaani kampuni inayomiliki mfululizo, na mwenye mali husoma na kupitisha kabla haijachapwa. Miaka yote ambayo mfululizo ulikuwa bado unarushwa, mwandishi alifungwa mikono: ukurasa wa mwisho ulipaswa kumwacha kila mtu pale ukurasa wa kwanza ulipomkuta. Hakuna mkubwa wa kufa, hakuna wa kuoa, hakuna wa kupandishwa cheo, maana wiki iliyofuata televisheni ingemwonyesha akiwa vilevile. Wapo waandishi waliofanya maajabu ndani ya kamba hiyo, lakini kamba ilikuwepo.

Deep Space Nine ilipokwisha 1999, kamba ikalegea. Mwaka 2001 S. D. Perry alitoa Avatar, riwaya iliyoendeleza hadithi ya kituo cha angani cha mfululizo ule kana kwamba msimu mwingine umeanza, na watu wapya wakaja kuchukua nafasi za walioondoka. Nemesis nayo ilipofunga mlango wa sinema kwa kundi la Picard, vitabu vikawa mahali pekee ambapo maisha yao yangeweza kusonga mbele. Mfululizo wa riwaya za Titan ulianza 2005. Ndipo ikawezekana Picard na Beverly waoane, jambo ambalo televisheni ilikuwa imelizungukazunguka kwa misimu saba bila kuligusa. Destiny, vitabu vitatu vilivyotoka mfululizo mwishoni mwa 2008, ni pale mikondo hii yote ilipokutanishwa. Mjomba wako, bila kujua, alikuingiza kwenye karamu ya ukoo wakati wageni wote wamekwisha kukaa.

Sasa tufike kwenye kusoma kwenyewe.

Chukua karatasi ya kuwekea alama kitabuni na uandike juu yake majina manne tu: Hernandez, Dax, Riker, Picard. Mbele ya kila jina andika chombo chake na swali lake. Hernandez, wa Columbia, anauliza: nitawarudishaje watu wangu nyumbani? Dax, wa Aventine, anauliza: mabaki ya chombo hiki cha kale yamefikaje mahali hapa pa mbali, ambapo hakingeweza kufika? Riker, wa Titan, anatafuta chanzo cha nguvu za ajabu zinazotoka eneo ambalo hakuna aliyelipima. Picard, wa Enterprise, anauliza: Borg, wale maadui nusu mwili nusu mashine, wanaingilia wapi, na nitawazuiaje? Kila sura utakayofungua ni ya mmoja wa hawa wanne. Yeyote mwingine atakayezungumza, muulize tu yuko chombo gani. Jina likikuponyoka, liache likuponyoke. Kama ni mtu mwenye uzito, mwandishi atamrudisha mbele yako. Kama hakumrudisha, hakuwa na haja ukumbuke.

Na kuhusu nyakati, usisumbuke: Columbia ndiyo ya kale, kuanzia 2156 kwa hesabu ya hadithi. Vyombo vingine vitatu vyote viko 2381. Ukiona Hernandez au mtu wake yuko hai na anazungumza, karibu kila mara uko zamani.

Lakini swali la nahodha peke yake halitoshi kumfanya mtu apendwe. Tazama jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya mimi niiheshimu kazi hii ya Mack. Kila nahodha amepewa jeraha, na majeraha yanasemezana kutoka chombo hadi chombo, ingawa wenyewe hawajakutana. Beverly ana mimba, na Picard, mtu aliyejizoeza maisha yote kuishi bila mtoto, sasa anapigana vita akiwa na kitu cha kupoteza. Troi naye amewahi kupoteza mimba, na mimba aliyo nayo sasa ina matatizo, na yeye na Riker wanashindwa kuzungumza kuhusu hilo hata wakiwa chumba kimoja. Dax amepandishwa kuwa nahodha katikati ya vita, baada ya wakubwa wake kuuawa, na anaongoza watu ambao baadhi yao wamekaa kazini kuliko yeye. Ukisoma sura ya Picard kisha ukaingia sura ya Riker, usiseme “nimehamia hadithi nyingine.” Ni habari ya uzazi na hofu yake inayoendelea, kwa watu wengine. Ukianza kusikia hayo mawasiliano, wingi wa wahusika hautakulemea tena.

Hernandez yeye jeraha lake ni la hesabu, na niruhusu nikae hapa kidogo, maana hapa sayansi na huzuni vinashikana mikono kwa namna ninayoipenda kuliko yote kitabuni. Chombo chake kimeshambuliwa, mtambo wa kwenda kasi kuliko mwanga umekufa, na nyumbani ni mbali mno. Kinachobaki ni kusafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga hadi kwenye jua la karibu lenye dalili za uhai. Bei yake ni wakati. Kwa sheria aliyoieleza Einstein mwaka 1905, kadiri unavyoikaribia kasi ya mwanga, saa yako inakwenda polepole ukilinganisha na ya aliyebaki. Kwa asilimia 99.9 ya kasi hiyo, mwaka mmoja kwako ni zaidi ya miaka 22 kwa uliowaacha. Hili halikubuniwa na waandishi wa riwaya. Mwaka 1971 wanasayansi wawili, Hafele na Keating, walibeba saa za atomiki katika ndege za kawaida za abiria na kuizunguka dunia, na saa zile zilirudi zikiwa zimepishana na zilizobaki chini kwa kiasi kidogo sana, kama nadharia ilivyotabiri.

Sasa irudishe hesabu hiyo kwa Hernandez. Anapotoa amri ile, anajua kwamba safari itakayoonekana fupi ndani ya chombo itakula miaka mingi ya watoto, wazazi na wachumba wa mabaharia wake. Hakuna adui ndani ya sura hiyo. Kuna mwanamke mbele ya watu wake, akiwaambia hivi ndivyo tutakavyoishi. Rudi uisome tena taratibu, kabla hujaendelea. Uliipita ukiwa unahangaika na majina, na humo ndimo kitabu chote kimepandwa.

Huenda pia unajiuliza mbona mwandishi hawaelezi watu hawa vizuri. Anaingia Worf, haambii msomaji sura yake ikoje wala sauti yake. Watu wa Lubumbashi waliokua na michezo ya kundi la Mufwankolo kwenye redio na televisheni watakuelewa mara moja. Mchezaji yule wanayemjua akiingia tu, kabla hajafungua kinywa, watu walikuwa wamekwisha kucheka, kwa sababu walikuwa wanajua atamtazamaje mkewe na atamjibuje mkubwa wake. Mchezo ulianza ndani ya kumbukumbu ya watazamaji. Riwaya ya mfululizo inafanya kazi hivyohivyo. Mack hakuelezi kukunja uso kwa Worf kwa sababu anakutegemea wewe, uliyekaa naye misimu saba, ukunje uso huo kwa niaba yake. Akiandika kwamba Picard aliinyoosha sare yake kifuani, hilo neno moja limebeba saa nyingi za televisheni ulizotazama na dada yako.

Kwa hiyo kitabu kina namna mbili za mwandiko, na ni vyema uzitofautishe. Kwa watu wa skrini, mwandishi anagusa tu na kukuachia. Kwa watu wa vitabuni, anajenga: utaona anakaa zaidi kwa Vale, kwa Ree, kwa mabaharia wa Columbia, anakupa mwili wao, asili yao, mashaka yao. Ukihisi mwendo umepungua na mtu mmoja anaelezwa kwa kirefu, jua uko na mgeni, na mwandishi anakutambulisha kwa adabu. Mpe heshima ya kumsikiliza. Mtu wa aina hiyo ana faida moja kubwa ambayo Picard hana: huwezi kujua kama atafika mwisho akiwa hai.

Kuna jambo ambalo skrini haikuweza na kitabu kinaweza. Titan imejaa mabaharia wa maumbo ya kila aina, na wanadamu ni wachache kwa makusudi. Televisheni ingefilisika kuwavisha wote na kuwapaka. Karatasi haina gharama hiyo. Vilevile ukiwa mbele ya skrini, Picard akiogopa Borg unaona taya limekaza. Kitabuni unaingia ndani ya kichwa chake na kusikia zile sauti. Ili upate uzito wote wa jambo hilo, fanyeni hivi, wewe na dada yako: tazameni tena vile vipindi viwili vya 1990 viitwavyo The Best of Both Worlds, ambamo Borg wanamkamata Picard na kumgeuza mmoja wao. Mkipata pia filamu First Contact ya 1996, itazameni. Hayo mawili ndiyo maandalizi pekee yanayolipa. Deep Space Nine na nyingine zitazame siku nyingine kwa sababu ni nzuri. Mack ameweka ndani ya kitabu chochote unachohitaji kujua kuhusu Dax na Hernandez.

Nilikusifia kitabu, na pia nikuambie mahali ambapo kinapungua kwa maoni yangu. Mapigano ya angani yana majina ya vyombo mengi mno, vinavyotokea kwa sentensi mbili na kulipuliwa. Mengine katika mapigano hayo yanasomeka kama orodha ya wafu wasio na sura. Pita haraka. Hutakosa kitu. Lakini mazungumzo ya watu wawili chumbani, hata yakiwa marefu, usiyaruke hata mstari, kwa sababu nguvu ya Mack iko hapo. Kabla ya riwaya aliwahi kushiriki kuandika hadithi ya kipindi kimoja cha Deep Space Nine, It's Only a Paper Moon, cha 1998, ambacho kilikabidhiwa wahusika wawili wa pembeni, kijana aliyejeruhiwa vitani na mwimbaji wa klabu, huku wakubwa wakikaa nyuma. Ni kati ya vipindi bora vya mfululizo ule. Mwandishi aliyeanzia hapo anajua thamani ya mtu mdogo.

Sasa rafiki yako. Anachosema kina ukweli ndani yake, ila hitimisho lake silikubali hata kidogo.

Ni kweli kwamba mwaka 2020 ulipokuja mfululizo mpya wa televisheni juu ya Picard, ulimpa maisha mengine, yasiyolingana na yale ya vitabuni. Waandishi wa vitabu hawakukimbia. Mwaka 2021 watatu wao, Dayton Ward, James Swallow na Mack mwenyewe, walitoa riwaya tatu zinazoitwa Coda, wakaifunga historia yao yote ya miaka 20 kwa mkono wao. Upande wa Star Wars lilitokea jambo kama hilo mapema zaidi: mwezi wa Aprili 2014 kampuni ya Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya nyingi za nyuma zitabaki kuchapwa kwa jina la Legends, lakini filamu mpya hazitafungwa nazo.

Hata hivyo tazama mto huu ulivyotiririka kwa upande wa pili. Sulu ni baharia wa mfululizo wa kwanza kabisa, wa miaka ya 1960, na jina lake la kwanza, Hikaru, lilitoka kwenye riwaya ya Vonda McIntyre, The Entropy Effect, ya 1981. Sinema ililitamka miaka 10 baadaye. Uhura, mwenzake, hakuwa na jina la kwanza kwenye mfululizo ule. Nyota, jina ambalo wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa, liliingia kwa kitabu cha William Rotsler cha 1982, na filamu ya 2009 ikalitumia mbele ya ulimwengu mzima. Mji mkuu wa Star Wars, Coruscant, uliitwa hivyo katika riwaya ya Timothy Zahn ya 1991, Heir to the Empire, kabla filamu ya 1999 haijauonyesha. Katika kitabu hichohicho alizaliwa Thrawn, yule jemadari mwenye ngozi ya buluu, ambaye baada ya kuwekwa kando pamoja na vitabu vyake alirudishwa kwenye katuni za televisheni mwaka 2016, kisha akachezwa na mtu halisi mwaka 2023.

Lakini hata kama lisingerudi hata jina moja, swali la rafiki yako lingebaki limekosewa. Hernandez hakuwahi kuishi, kwenye televisheni wala kitabuni. Amri yake ya kupoteza miaka ili kuokoa watu ina uzito kwa sababu imeandikwa vizuri na kwa sababu wewe ulijiuliza ungefanya nini. Kampuni inaweza kuamua filamu yake ijayo ifuate nini. Haiwezi kuingia chumbani kwako Katuba na kuamua ulichokihisi ulipokuwa unasoma. Tena kuna uhuru mkubwa katika kusoma hadithi ambayo imekwisha kufungwa: hakuna msimu ujao unaowalinda wahusika. Mwandishi wa Destiny alikuwa na ruhusa ya kuvunja vitu, na alivivunja. Sitakuambia vipi.

Kwa sababu hiyohiyo, usitafute majina ya wahusika kwenye intaneti mpaka umalize vitabu vyote vitatu. Kamusi za mashabiki ni kazi ya upendo na zina kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukiandika jina la Erika Hernandez, mistari michache ya kwanza itakunyang'anya jambo ambalo Mack alilijenga kwa kurasa zaidi ya 1,000. Ukipotea kabisa, rudi kwenye karatasi yako ya majina manne.

Ukimaliza Gods of Night, usiende kwenye riwaya nyingine yoyote kabla ya Mere Mortals na Lost Souls. Ni hadithi moja iliyokatwa mara tatu, na cha kwanza kinaishia pabaya kwa makusudi. Mwambie mjomba kwamba vyote vitatu vilichapwa pia katika buku moja mwaka 2012, huenda akalipata hilo kwa urahisi kuliko kuokoteza kimoja kimoja. Baada ya hapo, ukitaka kupumzika na umati, tafuta A Stitch in Time ya mwaka 2000. Aliiandika Andrew Robinson, mwigizaji aliyemcheza Garak kwenye Deep Space Nine, na ni sauti ya mtu mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mshonaji wa nguo mwenye siri nyingi. Inaonyesha upande wa pili kabisa wa uwezo wa vitabu hivi.

Nimemweka dada yako mwisho kwa sababu nadhani ndiye atakayekusaidia kuliko mimi. Ukimsimulia kwa mpangilio wa kitabu, sura ya chombo hiki kisha cha kile, utampoteza kama wewe ulivyopotea. Chukua Columbia peke yake. Msimulie yote uliyosoma ya Hernandez, kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, tangu shambulio mpaka kwa wale Caeliar, viumbe wapole ambao hawataki kuua mtu na hawataki kumwachia mtu aondoke. Hadithi hiyo inasimama yenyewe, haihitaji kujua Star Trek hata kidogo, na ina swali ambalo mtu yeyote anaweza kulibishania: je, mateka anayelishwa vizuri, asiyepigwa, ana haki ya kuwadhuru wanaomshikilia ili arudi kwao? Mabaharia wenyewe hawakubaliani, na wanajeshi waliomo chomboni wana jibu lao. Mwulize dada yako yuko upande wa nani kabla hujamwambia kilichotokea.

Akishakuchagulia upande, mletee Picard. Huyo anamjua. Mwambie tu kwamba Beverly ana mimba na Borg wamerudi, na sidhani kama utahitaji kueleza zaidi. Dax na Riker waingize baadaye, mmoja mmoja, atakapoanza kuuliza mwenyewe ile Columbia iliishia wapi.